Pudra ya Kamate Vahwere

Mara moja tu katika maisha yake Mathieu alimwagiwa pudra, na mpaka leo Bunia nzima haijakubaliana kama ilikuwa yake.

Maana pale Bunia, mtu akipita mtihani wa Leta, yaani wa Serikali, hapewi karatasi. Karatasi iko Kinshasa, inangoja ndege. Ndege inangoja mafuta. Mafuta yanangoja mkubwa fulani arudi kutoka Ulaya alikokwenda kutibiwa jino. Mtu anapewa pudra. Ile ya watoto wachanga, ya kwenye kopo, inayonukia vizuri kuliko ofisi yoyote ya Serikali. Redio ikitaja jina lako, mama yako anakumwagia kopo zima kichwani, dada zako wanakupaka shingo na masikio, halafu unatoka barabarani mweupe kama mkate ambao haujaiva, na tangu siku hiyo wewe ni mtu. Hakuna mhuri unaoishinda pudra. Mhuri huibwa mezani. Pudra majirani wameiona kwa macho yao.

Balaa la Mathieu lilianza na jina. Alikuwa bado kijana wa mwaka wa kwanza wa sekondari wakati Leta ilipogundua kwamba Mathieu ni jina la wazungu, na kwamba raia halisi hawezi kuitwa hivyo bila kuiaibisha nchi. Padri aliyembatiza alikuwa amekwisha kula kuku wa ubatizo, na kuku hakurudishwa. Jina ndilo lililorudishwa. Nyumbani na kanisani alibaki Mathieu, kwa sauti ya chini. Shuleni akawa Kamate Vahwere, kwa sauti ya juu.

Sasa, kwa Wanande, kabila lao Mathieu, Kamate si jina ambalo wazazi hukaa na kulichagua. Ni zamu. Mtoto hulikuta likimngoja kulingana na nafasi aliyotokea tumboni, kama watu wanavyopanga mstari kwenye bomba la maji. Ukiita Kamate katika soko la Bunia, pale walipojaa wafanyabiashara waliotoka Butembo na Lubero, mstari mzima wa wauza chumvi unageuka. Kazi ya kuwatenganisha ilikuwa ya jina la ubatizo. Leta ililiondoa hilo jina, ikapiga makofi, ikaenda kulala.

Muzee Katsuva, baba yake Mathieu, muuza chumvi, alipoambiwa amtafutie mtoto jina la pili la kiasili kabla shule haijafungwa jioni, alimpa la babu: Vahwere. Hakufikiri sana, alikuwa na wateja. Upande wa pili wa mji, Jean-Pierre, mwenye kamio, lori la kwenda Aru, naye alimpa mwanawe Laurent jina la babu yake mwenyewe, ambaye alitoka kilima kilekile cha Lubero. Vahwere. Na mwanawe huyo, kwa zamu ya tumbo, alikuwa Kamate.

Basi katika darasa moja wakakaa Kamate Vahwere na Kamate Vahwere. Wenzao hawakupata shida: mmoja walimwita Kamate Chumvi, mwingine Kamate Kamio. Walimu nao wakafanya hivyohivyo. Lakini Kinshasa haikujua habari za chumvi wala kamio.

Shule yao ilikuwa juu ya kilima, na kila kitu kilichokuwamo kilikuwa na upungufu isipokuwa prefe. Prefe huyo, mkuu wa shule, aliitwa Tharcisse zamani; sasa aliitwa Sitwayeni Prefe, yaani Raia Prefe, na aliyekosea alikwenda kulima shamba lake la maharage siku mbili. Asiyekosea alilima siku moja. Mwalimu wa fizikia alikuwa ameondoka kwenda kutafuta dhahabu upande wa Mongbwalu, na somo lake likapewa mwalimu wa michezo, ambaye alisimama mbele ya darasa, akaangusha chaki, akasema: kitu kikianguka, kimeanguka. Hilo ndilo lilikuwa somo la muhula. Kabati la kemia lilikuwa na kufuli kubwa. Ndani yake, wanafunzi walikuja kujua baadaye, kulikuwa na mbegu za maharage.

Lakini mtihani haukuuliza habari za maharage. Mtihani ulitoka Kinshasa na uliuliza juu ya vyombo ambavyo hakuna mtu Bunia aliyewahi kuviona. Miaka sita ya sekondari ilitiwa ndani ya herufi tano, A mpaka E. Mwanafunzi anachagua moja, karatasi inapanda ndege, na huko mbali kuna mashine inayosahihisha bila kulala. Wanafunzi waliiogopa ile mashine kuliko walivyomwogopa Mungu, kwa sababu Mungu angalau alijua majina yao ya ubatizo.

Prefe aliwaita wote kabla ya juma la mtihani, akafunga vifungo vya abakosti, lile koti la Leta lisilo na tai, mpaka shingoni.

— Batoto, sikieni. Nimechunguza mitihani ya miaka yote. Mutu akikosa kujua, asiache bule. Aweke B. B njo mingi.

Hiyo ndiyo iliyokuwa elimu kubwa kuliko zote waliyoipata kwake.

Laurent aliiandika kiganjani. Mathieu aliona haya kwa niaba ya shule nzima. Yeye alisoma kweli, kwa kitabu cha fizikia ambacho kurasa zake za katikati zilikuwa zimefungia karanga sokoni, na baba yake alizikusanya tena moja moja kwa wauza karanga, zikanuka mafuta. Alitaka kwenda kampusi ya Kisangani. Hakutaka kitu kingine chochote duniani. Alitaka kujua ule umeme wa mtambo wa kinu cha wazungu, aliokuwa akiusikia ukiunguruma tangu utotoni, unatoka wapi na kwa nini hauji kwao.

Miezi ile ya mwisho aliacha kula bugali. Alikonda mpaka shati likawa linamvaa yeye. Mama yake, Bernadette, alisema mtoto ameangaliwa kwa jicho baya. Alimletea maji ya baraka kutoka misheni, akamnyunyizia, na alipoona hayatoshi akamnywesha. Mathieu hakuwa peke yake. Mwanafunzi mmoja alianza kuongea na ukuta, na wenzake walisema kwa wivu kwamba ukuta ulimjibu kwa Kifaransa kizuri kuliko cha mwalimu. Msichana mmoja alizimia siku ya hesabu, akabebwa nje, na msimamizi akaamuru akizinduka asirudi ndani, kwa kuwa huko nje angeweza kuwa amepewa majibu. Mlangoni walisimama askari wenye bunduki, wakilinda maswali ambayo sokoni yalikuwa yanauzwa tangu juma lililopita, pamoja na majibu ya mtihani mwingine.

Halafu ukaja wakati wa kungoja. Kungoja ndiko kulikowamaliza. Kila nyumba yenye mtoto aliyefanya mtihani ilihama ikaenda kuishi kando ya redio. Muzee Katsuva alianika pile za redio, yaani betri, juani juu ya bati ili zipate nguvu kidogo, akizigeuza kama samaki. Na siku ilipofika, sauti ya mtangazaji ilitoka Kinshasa ikipita juu ya misitu yote ile, ikaja imechoka, imekwaruzwa, inakohoa. Kituo cha Bunia. Majina yakaanza. Mathieu alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, mikono katikati ya magoti.

— Kamate Vahwere.

Mara moja. Halafu jina la mtu mwingine.

Bernadette hakungoja kusikia la mtu mwingine. Alisema «Wasingya, Nyamuhanga» kwa lugha ya nyumbani, maana shukrani ya namna hiyo kwa Mungu haisemwi kwa lugha ya sokoni, na kopo likamwagika. Muzee Katsuva, ambaye wateja wake walidhani alizaliwa bila meno ya kuchekea, alicheka. Mathieu alisikia pudra ikimwingia puani na akalia humohumo ndani ya weupe, na machozi yakachora njia mbili mashavuni. Walitoka Nyakasanza, mtaa wao, wakiimba, majirani nyuma, wakaelekea barabara kubwa.

Pale kwenye mzunguko wa barabara walikutana na kundi lingine linakuja. Mbele yake alikuwa mtu mweupe.

Makundi mawili yalisimama. Waimbaji wa huku walisikia wimbo wa kule ni uleule, wakanyamaza. Wa kule nao wakanyamaza. Laurent alimtazama Mathieu. Mathieu alimtazama Laurent. Kila mmoja aliona sura yake mwenyewe.

Mama yake Laurent, Hortense, mwanamke mnene mwenye kitambaa cha bei, ndiye aliyesema kwanza.

— Mama Bernadette, ule mutoto weye ulimupaka, alianguka mu unga?

— Mutoto yangu alipita. Redio ilisema Kamate Vahwere.

— Ilisema Kamate Vahwere moja.

— Njo huyu.

— Huyu? Siye tulisikia mbele yenu. Redio yetu iko na pile ya mupya. Yenu inasikia kesho.

— Basi redio yenu ilikimbia mbio, ikapita jina ya mwenyewe.

Watu walicheka, na kicheko hicho kilikuwa kibaya, kwa sababu kilikuwa cha pande zote mbili. Mmoja akapendekeza wapimwe nani ana pudra nyingi. Mwingine akasema aulizwe prefe, na wote, pamoja na wale waliokuwa wanapita tu na baiskeli zao, wakapanda kwa prefe.

Walimkuta anakula, bila abakosti, akiwa na fulana yenye matundu. Alisikiliza. Alijifuta mdomo.

— Kinshasa haikosei, alisema.

— Ndiyo, Sitwayeni Prefe. Basi ni nani alipita?

— Kamate Vahwere.

— Lakini beko babili, alisema Muzee Katsuva, akiinua vidole viwili.

— Ile iko kosa yenu banyumbani. Leta haikuzaa batoto yenu. Labda mashine iliona jina mara mbili, ikasema hii moja ni ya kurudiarudia, ikatupa. Labda moja alipita na moja akaanguka. Miye nitauliza.

Aliuliza kweli. Ujumbe ulikwenda kwa simu ya redio ya misheni, ukazunguka mji mkuu muda ambao maharage hupandwa na kuvunwa, na jibu likarudi: Kamate Vahwere amepita.

Prefe alilisoma mbele yao wote kwa sauti, kama mtu anayesoma Injili. Kisha akatoa hukumu yake mwenyewe, na kwa kuwa ilikuwa fupi na ya kijinga, mji mzima uliielewa papo hapo na kuipenda.

— Mwenye alianguka anajijua. Mwaka ujao atarudia mutihani. Mwenye atarudia, njo alianguka. Mwenye hatarudia, nitamupatia karatasi ya kwenda Kisangani.

Mtu angedhani amemaliza kesi. Mwaka uliofuata ulipofika, hakuna aliyerudia.

Angerudia nani? Muzee Katsuva alimwambia Mathieu waziwazi, akipima chumvi kwa kikombe bila kuinua macho: ukienda kukaa kwenye ile mutihani, umenivua nguo mu soko. Na kwa Laurent, Jean-Pierre alikuwa amesema jambo lilelile, ila kwa mkanda. Kila baba alingoja mtoto wa mwenzake achoke. Prefe naye alingoja, na karatasi ya Kisangani haikutoka kwa yeyote, maana wote wawili walikuwa bado hawajarudia. Ukaja mwaka mwingine. Wenzao wa darasa walirudi likizo kutoka kampusi, wamevaa suruali pana na wanakataa kula sombe, kisamvu cha nyumbani. Wakawakuta Makamate wao palepale kama mawe ya kuanzia mbio.

Mathieu alipata kazi ya kufundisha watoto wa shule ya msingi, kazi ambayo Leta ililipa siku ilipokumbuka. Chaki ya Bunia ilikuwa laini, inamwagika kama majivu, na alipotoka darasani saa sita nywele zikiwa nyeupe, wanawake wa sokoni walimpigia kelele.

— Mwalimu, umepita tena?

— Wacheni mwalimu. Yeye anapita kila siku, Kinshasa njo haijue.

Alijifunza kujipangusa kabla ya kutoka. Hata hivyo chaki ilibaki kwenye masikio.

Laurent alikuwa juu ya kamio la baba yake, akipakia na kushusha, Bunia kwenda Aru, Aru kurudi Bunia. Walipokutana njiani walisalimiana kama watu waliofungwa kwenye kamba moja.

— Sema, Kamate.

— Sema, Kamate.

Hakuna zaidi. Kila mmoja akimchunguza mwenzake kama amekonda, kama ana kitabu kwapani.

Mathieu ndiye aliyeanza kuoza kwa ndani. Alikuwa anajua majibu yake. Alikuwa ameyarudia kichwani mara nyingi mpaka yakaanza kubadilika. Ile ya kani ya sumaku, aliweka C au aliweka D? Siku nyingine alikuwa na hakika amepita. Siku nyingine alikuwa na hakika kwamba pudra ile ilikuwa ya Laurent na kwamba yeye anavaa nguo ya mtu. Alianza kuogopa harufu ya watoto wachanga.

Akasikia kwamba kule Kpandroma, juu milimani, kumefunguliwa kituo cha mtihani, na kinapokea hata watu waliojisomea wenyewe bila shule. Mbali na Bunia, kwa Walendu wenye mashamba yao, nani angemjua muuza chumvi wa Nyakasanza? Angefanya, angepita, redio ingesema jina lake kwenye kituo cha Kpandroma, na hapo hata prefe angefunga mdomo. Akipita mara ya pili, nani angemuuliza habari za mara ya kwanza? Aliandikisha jina kimya. Siku ilipofika alimwambia mama yake anakwenda kununua viazi vya kuuza dukani. Bernadette alimtazama, akamfungia mihogo ya njiani, akaweka na kalamu mbili za risasi katikati ya mihogo.

Kpandroma ilikuwa baridi, ukungu umekaa juu ya mabati kama umelipia kodi. Watahiniwa walikaa. Inspekta, mtu mwenye beji kubwa ya chama kifuani na mafua, alianza kuita majina.

— Kamate Vahwere.

— Niko, alisema Mathieu.

— Niko, ilisema sauti nyuma yake.

Hakugeuka mara moja. Aliijua ile sauti. Ilikuwa ya vumbi la barabara ya Aru.

Inspekta aliinua macho, akapenga kamasi, akaita tena, na tena sauti mbili zikamjibu. Alitembea mpaka katikati ya darasa.

— Nani kati yenu ni Kamate Vahwere?

— Miye.

— Na miye.

— Kinshasa ilituma kopi moja ya mutihani ya Kamate Vahwere. Jina ya pili walifuta, ju iko ya kurudiarudia. Moja wenu ni mwizi. Sema kitu ya kuwatenganisha. Weye, jina yako ingine?

— Mathieu.

Chumba kizima kilivuta pumzi.

— Ile haiko jina ya inchi hii, alisema inspekta taratibu, akigusa beji yake. Na weye?

— Sina ingine, alisema Laurent, ambaye siku zote alikuwa mwepesi kuelewa mambo yasiyo ya shule.

— Basi. Mutoke inje, muelewane. Kengele ikilia, moja arudi. Bakirudi babili, nafukuza babili.

Walisimama nyuma ya ukuta wa udongo, kwenye majani yenye umande.

— Weye ulikuja kufanya nini huku? aliuliza Mathieu. Weye njo ulipita, si njo munasemaka?

Laurent alikuwa anang'oa ukoka kwa kidole cha mguu.

— Mathieu, miye sikupita. Niliweka B.

— B ku swali gani?

— Ku yote. Kutoka ya kwanza mupaka ya mwisho. Hata ile ya dini.

Mathieu alimtazama. Alitaka kumpiga, akataka kucheka, na vyote viwili vikagongana mlangoni, hakuna kilichotoka.

— Na uliacha nikae miaka hii yote na chaki mu masikio.

— Baba angeniua. Weye unamujua baba. Sasa ingia, andika weye. Weye njo uko na akili ya ile kitu. Miye hata nikiingia, nitaweka B tena. Ingia, Mathieu.

Alimwita Mathieu, mara mbili, jina la kanisani na la nyumbani, na Mathieu alipofikiria jambo hilo baadaye hakujua kama lilikuwa upendo au chambo. Kengele ililia. Laurent alimsukuma begani. Mathieu akaingia.

Karatasi ile ilikuwa mbele yake, safi, na jina lake juu, na hakuna mtu mwingine duniani aliyelidai. Kitu alichokililia kilikuwa kimewekwa mezani. Alisoma swali la kwanza akaona tu Laurent anajaza B, B, B, miguu imetandazwa, anapiga mluzi. Na yeye Mathieu kwenye benchi la mbele, mwaka ule, akipima kila herufi kama dhahabu. Swali la pili halikuingia kichwani. Alijaribu kukumbuka fizikia, akakumbuka harufu ya karanga. Miaka ya kufundisha watoto mbili na mbili ilikuwa imekula mengine yote bila yeye kujua, kama mchwa wanavyokula mlango na kuacha rangi. Alipofika mahali ambapo hakujua, mkono ulikwenda kwenye B wenyewe. Akaurudisha. Angekufa kuliko kuweka B. Akaweka A, C, D, E, kila kitu isipokuwa B, kwa hasira, kwa heshima yake.

Alipotoka, kamio la Jean-Pierre lilikuwa limekwisha kuondoka, limejaa viazi.

Redio iliposoma kituo cha Kpandroma, Muzee Katsuva hakuanika pile. Hakukuwa na haja, maana Mathieu alikwenda kusikilizia kwa jirani, amesimama nje ya dirisha. Majina yalipita yote. Hakukuwa na Kamate Vahwere, si mmoja, si wawili.

Lakini wakati huo mji ulikuwa umekwisha kujua kila kitu muhimu. Hortense alikuwa amelieleza soko lote, akichagua nyanya: mutoto yangu alikwenda Kpandroma kuleta viazi, macho yake njo iliona Kamate Chumvi ameketi ku mutihani. Wanawake wakapiga vigelegele vya kusikitika, ambavyo vinafanana sana na vile vingine. Prefe naye alivaa abakosti na kukumbuka hukumu yake. Mwenye atarudia, njo alianguka. Kamate Chumvi alirudia. Kamate Kamio hakurudia, hata inspekta alithibitisha kwamba ndani ya chumba aliketi mmoja tu. Hesabu iliyonyooka namna ile shule yao haikuwahi kuona.

Muzee Katsuva hakumkaripia mwanawe. Alifunga duka kwa siku chache akisema chumvi imelowa.

Laurent alikuja siku aliyoondoka kwenda Kisangani. Kamio lilisimama mbele ya shule ya msingi, likitetemesha madirisha, na watoto wote wakakimbilia kuliona. Mathieu alitoka na chaki mkononi. Laurent alikuwa amekaa mbele, kando ya dereva, amevaa viatu vipya, na nyuma ya sikio lake kulikuwa na doa jeupe. Mama yake alikuwa amemmwagia pudra mara ya pili, kwa usalama.

— Sikusema kitu, Mathieu. Mama njo alisema.

— Na weye ulinyamaza.

— Kunyamaza si kusema.

— Mama yako alijua aje kama niliketi?

Laurent alitazama mbele, barabarani.

— Nililetaka viazi, alisema. Aliniuliza habari ya safari.

Dereva aliondoa mguu kwenye breki.

Miaka ikaenda. Diploma za mwaka ule hazikufika. Wengine walisema ziliungua, wengine walisema zilifungia karanga mjini Kinshasa. Mathieu alibaki na watoto wake wa msingi, akaoa, akazika baba, akangoja mshahara. Na Laurent akarudi. Kampusi ilikuwa imefungwa kwa ajili ya mgomo, ikafunguliwa, ikafungwa tena, na katikati ya kufungwa kuwili walimpa karatasi fulani ya kutosha. Shule ya kilimani, iliyokuwa haina mwalimu wa fizikia tangu wakati wa dhahabu, ilimpokea kwa ngoma. Prefe Tharcisse, mzee sasa, alimkabidhi kabati la kemia pamoja na mbegu zake.

Véronique, dada mdogo wa Mathieu, kitinda mimba wa Bernadette, alikuwa katika darasa la Laurent. Mwaka wa mwisho ulipokaribia, akaacha kula kama kaka yake alivyoacha. Mama yake alikuwa amekwisha kununua kopo, akalificha juu ya kabati, na msichana alilijua lilipo na hakuinua macho upande ule.

Jioni moja alikaa karibu na Mathieu, yaya wake, yaani kaka mkubwa, aliyekuwa akisahihisha daftari.

— Yaya, Mwalimu Kamate anasema mutu akikosa kujua, aweke B.

— Alisema vile?

— Anasema yeye aliwekaka B ku maswali yote. Kutoka ya kwanza mupaka ya mwisho. Na Leta ilimupitisha.

Mkono wa Mathieu ulisimama juu ya daftari. Hilo hakuwa amelifikiria hata siku moja, kwamba mtu anaweza kusema kweli kule nyuma ya ukuta wa Kpandroma, na bado pudra ikawa yake.

— Yaya, ni kweli?

Mathieu alifunga daftari, wino bado mbichi.

— Weye ku redio utaitwa nani? aliuliza.

— Kahindo Katsuva.

— Mu darasa yenu, ba Kahindo Katsuva muko bangapi?

Véronique alifikiri, na hofu ikamjia usoni polepole, ileile, kama mtu anayeonyeshwa picha ya zamani ya ukoo.

— Tuko babili.

— Basi wacha fizikia, alisema Mathieu. Kesho asubui enda uzungumuze na ule mwenzako, muelewane mbele ya redio kuita.